Pasaka Niliyopitwa na Kikombe

Makohozi ya kwanza niliyopeleka kliniki yalikataliwa. Muuguzi alikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, kisha akanipa kingine kitupu.

"Haya ni mate, mama. Enda huko nje kwa jua, ukohoe kutoka chini."

Nikaenda nyuma ya jengo, nikasimama karibu na tangi la maji, nikakohoa kwa bidii kama mtu aliyeajiriwa kukohoa. Kwa majuma mengi nilikuwa nimekohoa bila mtu kuniomba. Siku niliyoombwa, kifua kikaona haya.

Naitwa Rael. Ninaishi Karagita, karibu na Ziwa Naivasha, katika chumba kimoja cha kupanga, pamoja na mume wangu Josiah na binti yetu Chepkirui, ambaye mwaka huo alikuwa amefikisha miaka sita. Kazi yangu ni kuchagua na kufunga maua ya waridi shambani. Mwezi wa kwanza ndio mwezi wetu mgumu, kwa sababu watu wa ng'ambo wanapendana mwezi wa pili na lazima maua yawafikie. Tunashinda kwenye chumba cha baridi tukiwa na sweta mbili mbili, na kukohoa ni jambo la kila mtu. Kikohozi changu nikakihesabu kuwa cha kazi. Sketi ilipoanza kuteremka nikaishika kwa pini. Pini zilipokuwa mbili, mwenzangu wa mezani aliniambia bila kuinua macho kutoka kwenye maua, "Mama Chepkirui, wewe unaisha." Hivyo ndivyo nilivyofika kliniki.

Jibu likawa TB. Sitaeleza TB ni nini, wanaojua wapo. Nitaeleza benchi. Sisi wa kifua tulikuwa na benchi letu nje, chini ya neti ya kivuli, mbali na mlango wa wagonjwa wengine. Kila aliyeketi pale alijifanya amemsindikiza mgonjwa ambaye haonekani. Hakuna aliyeuliza mwenzake yuko na nini. Tuliongea kuhusu vumbi na bei ya unga, na mtu akikohoa sote tuliangalia barabara. Siku ya tatu au ya nne mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi upande wa mbuga ya Hell's Gate alituangalia mmoja mmoja, akasema, "Kwani wagonjwa wako wapi? Ama ni mimi peke yangu?" Tulicheka mpaka benchi zima likakohoa. Baada ya hapo tukawa tunasalimiana kwa majina.

Kama umepewa dawa hizo leo, sikiliza machache. Kula kitu kwanza, hata kama ni uji wa kikombe kimoja, la sivyo utatapika na uanze upya. Mkojo utakuwa rangi ya soda ya machungwa; usipige kelele chooni kama nilivyopiga mimi, jirani alikuja na kifagio akidhani ni nyoka. Jasho nalo hubadilika rangi, na machozi pia. Magoti yatauma. Halafu baada ya wiki chache itakuja njaa, njaa ya aibu, ya kuamka ukiwaza viazi. Hiyo ni habari njema, ile.

Viazi tulikuwa navyo, kwa sababu mama mkwe wangu alitoka Kuresoi na gunia zima aliposikia. Tunamwita Kogo, nyanya, kama mtoto anavyomwita. Ni mwanamke wa maneno machache na mikono mingi. Alifika asubuhi, akaosha vyombo vyote, akatenga sahani moja, kijiko kimoja na kikombe kimoja, akaviweka juu ya kabati peke yake.

"Hizi ni zako," akaniambia. "Tusichanganye."

Nikamwambia muuguzi alisema ugonjwa huu haupiti kwa vyombo. Unapita kwa hewa, mtu akikohoa ndani ya nyumba iliyofungwa, na kinachotakiwa ni dirisha wazi na dawa kila siku. Kogo alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka akafunga dirisha, kwa sababu upepo ungemletea mgonjwa baridi.

Alipoondoka alienda na Chepkirui. Mtoto alikuwa amepimwa na kukutwa mzima, akapewa dawa zake za kumkinga. Josiah naye alipimwa, akaambiwa hana kitu ila arudi akianza kukohoa. Hata hivyo Kogo alisema hewa ya Kuresoi ni safi, na hilo sikuweza kulipinga. Nililia wakati gari linaondoka. Nasema hivyo tu kwa sababu ni kweli. Baadaye nililala vizuri, nafasi kitandani ilikuwa kubwa.

Sasa Josiah. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma huko Olkaria, kwenye mabomba ya mvuke, na kanisani ni mzee wa kanisa. Sijui ni kazi gani aliipenda zaidi. Katika kanisa letu Meza ya Bwana ina kikombe kimoja, cha chuma, kipana, chenye mikono miwili. Makanisa mengine mtaani wanatumia vikombe vidogo vidogo vya plastiki, na wazee wetu huwa wanatania kwamba hao wamegeuza karamu kuwa duka la dawa. Sisi tunapiga magoti mbele, mstari mmoja. Mchungaji anapita na mkate, na nyuma yake mzee mmoja anapita na kikombe, akipangusa ukingo kwa kitambaa cheupe baada ya kila mtu. Josiah ndiye aliyekuwa akishika kikombe hicho. Alikuwa akikisugua Jumamosi kwa majivu laini mpaka unaweza kujitazama.

Nyumbani alinisimamia dawa. Hospitali wanataka kila mgonjwa awe na mtu wa kumwona akimeza, na Josiah alijiandikisha mwenyewe kabla sijamwomba. Kila asubuhi kabla ya gari la Olkaria alisimama mbele yangu na maji mkononi, nikameza, akasema "Mungu ni mwema," akavaa buti akaenda. Hakuwahi kukosa hata siku moja. Naliweka hili hapa mbele ili yanayofuata yasimharibie jina kuliko anavyostahili.

Wiki ya Pasaka niliitwa kliniki kwa majibu ya kipimo cha pili. Josiah aliomba ruhusa kazini tukaenda pamoja. Muuguzi akasoma karatasi, akatabasamu.

"Mama, hakuna wadudu kwa makohozi. Huambukizi mtu tena. Tunabadilisha dawa, unaendelea miezi minne, lakini unaweza kukaa na watu, kula na watu, kila kitu."

"Hata kanisani?" nikauliza.

"Hata kanisani. Utuombee na sisi."

Josiah alisikia. Alikuwa ameketi kiti cha pembeni na kofia magotini. Njiani alitununulia mahindi ya kuchoma, langu nikalimaliza kabla hajafika katikati ya lake.

Jumapili ya Pasaka nilivaa gauni langu jeupe, ambalo lilinikalia kama pazia, na kitambaa cheupe kichwani. Kanisa lilikuwa limejaa. Madirisha yalikuwa yamefungwa, kama kawaida yetu, kwa sababu kanisa jirani lina spika kubwa kuliko letu na tukifungua tunajikuta tunaitikia amina ya mahubiri yao. Mchungaji alihubiri vizuri. Alisema kila mtu anafufuka Jumapili, hata mlevi. "Leo mnaimba. Kesho ni holidei, mtalala. Mimi nitawatazama Jumanne mkirudi kazini. Hiyo ndiyo Pasaka." Watu walicheka, nami nikacheka.

Nilipiga magoti mbele kwa mara ya kwanza tangu niugue. Kushoto kwangu alikuwa mama wa kwaya. Kulia, msichana aliyebatizwa asubuhi hiyo. Mchungaji akaniwekea mkate mkononi. Nikautia kinywani nikangoja. Niliona viatu vya Josiah vikija, vile vyeusi nilivyompangusia mwenyewe asubuhi. Vikasimama kwa mama wa kwaya. Vikasogea mbele yangu. Havikusimama. Nikainua macho nikaona kitambaa na mkono wake, na kikombe kikishuka kwa yule msichana.

Mkate mkavu haumezeki haraka. Nilibaki pale nikiutafuna, watu wakiimba, mpaka mstari ulipoinuka nikainuka nao. Nilipofika nyumbani nilivua kitambaa kichwani nikakuta nimekipangusia macho. Kilikuwa na madoa ya rangi ya machungwa kote. Nilikuwa nimeumia kuliko nilivyoumizwa na ugonjwa wenyewe.

Josiah aliingia baada ya kuhesabu sadaka. Nilimpakulia chakula. Sikumsubiri amalize.

"Baba Chepkirui, ulimsikia sista wa kliniki?"

"Nilimsikia."

"Sasa?"

"Si mimi, Rael. Ni watu. Wangeona umekunywa, nyuma yako hakuna mtu angekunywa. Ningefanya nini na kikombe kimejaa?"

"Na wewe mwenyewe ungekunywa?"

Alichukua kipande cha kiazi, akakirudisha. Hakusema uongo, hilo lazima nimpe.

Jumanne alfajiri alisimama mbele yangu na maji kama kawaida. Nikameza. Akasema, "Mungu ni mwema." Nikaanza kutandika kitanda, akaenda kazini.

Mvua za masika zikaja. Vumbi la Karagita likawa matope, na mimi nikarudi kazini nikiwa na mashavu. Kanisani nilikuwa naketi karibu na mlango, na wenzangu wakienda kupiga magoti mimi nilitoka nje kuangalia mawingu. Hakuna aliyenifukuza. Watu walinisalimu vizuri, wakaniuliza mtoto, wakanipungia mkono kutoka mbali kidogo. Mtu akisoma hivi aelewe kwamba hawakuwa watu wabaya. Walichanga chakula nilipokuwa kitandani. Waliniombea kwa jina. Walikuwa wananipenda wakiwa upande ule mwingine wa kikombe.

Usiku na mchana niliwaza jambo moja tu: kama nina nafasi tena katika meza ile, au kama nitaishi maisha yangu yote nikiwa yule aliyekuwa na TB. Dawa zina mwisho, unauona kwenye kadi. Hilo lingine halikuwa na kadi. Nilimeza vidonge vyangu vyote, lakini zipo asubuhi nilivimeza kwa hasira tu.

Mwezi wa tano mchungaji alitutembelea. Alikunywa chai, akamsifu Josiah, akazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga, mwishowe akatua.

"Mama Chepkirui, wazee tumekaa. Tumeonelea tununue vile vikombe vidogo. Kila mtu na chake. Hivyo hakuna mtu atajisikia vibaya."

Nilimtazama Josiah. Alikuwa anatazama chai yake.

"Mchungaji, ni kwa sababu yangu?"

"Ni kwa sababu ya... ya usafi. Lakini pia wewe urudi."

"Asante. Mimi nitakunywa kwa chochote mtakachonipa," nikasema. "Lakini kikombe hakijakosa. Fungueni madirisha."

"Na ile spika ya jirani?"

"Waombeeni wapunguze."

Alicheka, akaomba, akaenda. Vikombe viliagizwa. Kuhusu madirisha sikusikia kitu.

Baridi ya mwezi wa sita hapa kwetu si mchezo. Ukungu unashuka kutoka Mau, na moto wa makaa unawashwa ndani mchana. Hapo ndipo nilipoanza kumsikia Josiah. Mwanzoni alikuwa anasafisha koo tu. Halafu akawa anatoka nje kukohoa, kwenye kamba za nguo, akijifanya anaangalia kama shati limekauka. Mimi ni mtu niliyefundishwa kukohoa kutoka chini. Kikohozi hicho nilikijua.

"Ni moshi wa kuchomelea," akasema.

"Moshi huo umeuvuta miaka kumi."

"Sasa umenishinda."

Nikamwacha siku chache. Kisha nikaona amejitobolea mkanda tundu jipya kwa msumari. Jioni hiyo nikamwambia twende kliniki kesho. Akakataa. Nikamwambia tena, akapandisha sauti, jambo ambalo si lake. Nikasema ule msemo ambao kila mtu anaujua, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na ndipo akaketi kitandani akainamisha kichwa.

"Rael, wakinipata nayo, mimi si mzee wa kanisa tena."

"Nani amesema?"

"Hakuna mtu atasema. Lakini nani atapokea kikombe kutoka kwa huu mkono?"

Ningependa kuandika kwamba moyo wangu ulijaa huruma papo hapo. Haukujaa. Kwanza nilisikia kitu kama utamu, na nilikaa nao kidogo. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, jibu zuri, fupi, ambalo lingemmaliza. Nadhani alilijua, maana aliinua macho akalingojea.

Nilimtazama shingo. Mifupa ilikuwa imetokeza juu ya kola. Nikajua pia kwamba kwa miezi yote ile ya mwanzo alilala ubavuni mwangu, uso wangu shingoni mwake, katika chumba ambacho mama yake alikuwa amefunga dirisha, na hakuhama hata siku moja. Kikombe kiliwatisha watu wa kanisa, naye akawaogopa watu. Mimi mwenyewe hakuniogopa. Sijui kama hilo linapunguza deni au linaliongeza. Jibu langu likanitoka mawazoni.

"Kesho vaa sweta," nikamwambia. "Lile benchi liko nje."

Alitoa makohozi mara moja tu, sista akayakubali. Majibu yalikuwa yale yale niliyoyatarajia. Yule mzee wa mbuzi alikuwa amekuja kupokea dawa zake za mwisho. Alimwangalia Josiah akijibanza mwisho wa benchi, akamsogezea nafasi. "Karibu, boss. Umemsindikiza nani?"

Josiah akanitazama, akamtazama mzee. "Nimejileta," akasema.

Alipewa likizo kazini mpaka sista amruhusu. Kwenye fomu palipohitaji mtu wa kumwona akimeza, niliandika jina langu. Kogo alipiga simu kutoka Kuresoi akilia, akauliza kama nimemtengea vyombo. Nikampa Josiah aongee na mama yake.

Asubuhi ya kwanza niliamka mapema nikapika uji. Nilifungua dirisha, ukungu ukaingia kidogo na kelele za watu wakielekea mashambani. Alikunywa uji. Nikajaza maji kikombeni, nikasimama mbele yake. Vidonge vilikuwa vinne kwake, kwa sababu ya uzito. Alivishika kwenye kiganja akavitazama.

"Rael, siku ile ya Pasaka..."

"Meza kwanza."

"Wacha niseme. Nilikupita."

"Najua. Nilikuwa hapo. Meza."

Akaweka kidonge cha kwanza ulimini, akanywa maji, kikamkwama kidogo, akakohoa akigeukia dirishani, kikashuka. Akakitazama kikombe kilichobaki nusu, akanyoosha mkono ayamwage masalio yake nje ya dirisha.

Nikakichukua mkononi mwake kabla hajainama. Nikakinywa chote, polepole, ukingo ule ule alioutia mdomo.

Sikutaka tuchelewe na uji upoe tumboni. Nikakijaza maji tena, nikamrudishia.

"Bado vitatu," nikamwambia.